SIMU MFUKONI, JUA KICHWANI
Maarifa ya msafiri wa milimani

Tahadhari kabla ya hatari, walisema wahenga, wala hawakusema baada yake. Katika miaka ya karibuni vijana wengi wa mijini nchini Uganda wameanza kupenda safari za miguu. Wengine huelekea Mlima Elgon kwa njia ya Mbale au Kapchorwa, wengine hushika njia ya Kasese ili kuipanda Rwenzori, na wengine hutosheka na vilima na misitu iliyo karibu na makwao. Jambo hili ni jema. Hutia mwili nguvu, hufungua macho, na humfundisha mtu kuipenda nchi yake kwa kuikanyaga kwa nyayo zake mwenyewe.

Walakini wazazi wanaowaaga vijana hao hawana budi kuuliza swali moja: kijana huyu anategemea nini huko aendako? Aghalabu jibu huwa ni simu ya mkononi. Simu ndiyo ramani yake, ndiyo dira yake, ndiyo taa yake, ndiyo saa yake, na ndiyo kengele yake ya kuitia msaada. Vitu vitano vimetundikwa kwenye msumari mmoja, na msumari huo ni betri. Siku msumari ukichomoka, vyote huanguka kwa pamoja, tena huanguka saa ile ile vinapohitajika.

Haifai kwa sababu hiyo kuibeza simu. Ni chombo cha ajabu, na mara nyingi kimeokoa maisha ya watu. Linalotakiwa ni kukijua vema, yaani kujua kinachoweza na kisichoweza, kisha kukipigia kila kitu kilichotundikwa hapo msumari wa pili.

BARIDI CHINI YA JUA LA IKWETA

Mtu aliyekulia Kampala au Jinja huwa na picha moja tu ya nchi inayopitiwa na Ikweta, nayo ni picha ya joto. Picha hiyo ni ya kweli mpaka pale ardhi inapoanza kuinuka. Kwa kila mita 1,000 anazopanda msafiri, joto la hewa hupungua kwa wastani wa nyuzi 6 hadi 7 za sentigredi. Kilele cha Wagagai katika Mlima Elgon kina urefu wa mita 4,321. Kilele cha Margherita katika Rwenzori kina urefu wa mita 5,109, na katika Afrika nzima kinapitwa na Kilimanjaro na Mlima Kenya tu. Kiko chini ya nusu digrii kaskazini mwa Ikweta, na hata hivyo kimevaa barafu. Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi, mtu wa ukoo wa kifalme wa Italia, alikifikia mwezi wa Juni 1906 akakipa jina la Margherita, aliyekuwa malkia wa Italia. Barafu ya Rwenzori, iliyokadiriwa kuwa zaidi ya kilomita za mraba 6 katika wakati huo, ilikuwa imebaki chini ya kilomita moja ya mraba ilipofika mwaka 2003. Kupungua kwa barafu, hata hivyo, hakukuondoa baridi ya usiku, wala mvua, wala ukungu.

Adui wa msafiri si baridi peke yake, bali ni baridi iliyoungana na maji na upepo. Shati la pamba likilowa hunywa maji na kukaa nayo. Upepo ukivuma, joto la mwili huchukuliwa upesi kuliko linavyotengenezwa. Ndiyo sababu nguo za sufu, au zile za nyuzi za viwandani zisizoshika maji, zafaa zaidi kuliko pamba. Wala si lazima zigharimu fedha nyingi. Mzazi mwenye jicho atazipata kwenye mitumba ya sokoni kwa bei nafuu, na sweta kuukuu la sufu lina thamani kubwa mlimani kuliko fulana mpya ya pamba yenye maandishi ya kupendeza. Nguo moja kavu ya kulalia haina budi kufungwa ndani ya mfuko mzito wa plastiki na kutoguswa mpaka jioni.

Dalili za mwili ulioshindwa na baridi zafaa kujulikana na kila mmoja katika kikundi, kwa kuwa mwenye kupatwa aghalabu hajitambui. Kwanza hutetemeka. Kisha hujikwaa ovyo, vidole vyake hushindwa hata kufunga kifungo, na maneno yake huanza kuburura kama ya mlevi. Akiacha kutetemeka huku bado amelowa na amepoa, wenzake wasidhani kwamba amepata nafuu. Hapo hatari ndipo imezidi. Atolewe kwenye upepo, avuliwe nguo zilizolowa, avikwe kavu, na chini yake patandikwe kitu kinene, kwa maana ardhi hunyonya joto. Akiwa na fahamu zake na aweza kumeza, apewe kinywaji cha moto chenye sukari. Asisuguliwe mikono na miguu kwa nguvu.

Wapo wanaobeba chupa ya waragi kwa madai kwamba huleta joto. Joto hilo ni la udanganyifu. Pombe hupanua mishipa midogo ya damu iliyo karibu na ngozi, damu ya moto hukimbilia nje, mtu akajisikia vizuri kwa kitambo, na wakati huo huo joto la moyo na tumbo linapotea. Chupa hiyo na ibaki nyumbani.

Hali kadhalika, urefu wenyewe ni mtihani. Kuanzia mita 2,500 hivi, mtu anayepanda upesi huweza kuumwa kichwa, kutapika na kukosa usingizi kwa sababu ya uchache wa hewa. Kanuni inayofuatwa na wapanda milima ni kwamba baada ya kupita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku. Mwenye dalili asiendelee kupanda. Zikizidi, au akianza kuyumba au kuhema hata akiwa amepumzika, dawa ya kwanza ni kushuka, tena bila kungoja kupambazuke.

SIMU HUJUAJE MAHALI ILIPO?

Watu wengi hudhani kwamba mtandao wa simu ukipotea, simu nayo haiwezi tena kujua mahali ilipo. Sivyo. Angani, kwenye umbali wa kilomita 20,200 hivi, zinazunguka setilaiti za Marekani zinazotangaza wakati bila kukoma. Simu hupokea matangazo hayo kama redio inavyopokea taarifa ya habari. Ikizisikia setilaiti nne au zaidi, hupima tofauti ya wakati wa kila tangazo na kukokotoa mahali ilipo. Yenyewe haitumi kitu huko juu, haihitaji mnara, wala haitumii senti moja ya muda wa maongezi. Mpaka mwezi wa Mei 2000 Marekani iliharibu kwa makusudi usahihi wa matangazo yaliyoachiwa raia. Tangu hapo hata simu ya kawaida, penye anga wazi, huweza kukosea kwa mita chache tu.

Kinachohitaji mtandao ni picha ya ramani. Msafiri asiyeipakua ramani nyumbani atakuta mlimani alama ya buluu inayoelea katikati ya ukurasa mtupu: simu inajua mahali ilipo, ila haina pa kupaonyesha. Kwa hiyo ramani ya eneo lote ipakuliwe kabla ya kuondoka, kisha ijaribiwe nyumbani huku mtandao umezimwa. Dakika 5 za jaribio hilo sebuleni zaweza kuokoa usiku mzima wa baridi.

Pia yafaa kujua mipaka ya chombo hicho. Chini ya msitu mnene, au ndani ya bonde lenye kuta ndefu, matangazo ya setilaiti huzibwa au huruka kutoka kwenye miamba, na alama ya mahali huweza kuhama. Dira iliyomo ndani ya simu nayo husumbuliwa na kila sumaku iliyo karibu, kama vile kishikizo cha mkoba au kipaza sauti. Isitoshe, ramani huonyesha mstari mfupi kati ya sehemu mbili, lakini haiahidi kwamba mstari huo hauna genge au kinamasi katikati yake.

KIVULI CHA KIJITI

Na ichukuliwe kwamba betri imekwisha. Kikundi kiko kwenye uwanda wa majani marefu, njia imepotea, na wote wanajua jambo moja tu: kijiji walikotoka kiko upande wa magharibi. Magharibi ni wapi?

Vitabu vingi vya kigeni hufundisha kutafuta mwelekeo kwa saa ya mkononi, yaani kuuelekeza mshale wa saa kwenye jua na kuigawa nafasi iliyopo kati yake na namba 12. Kanuni hiyo ilitungwa kwa ajili ya nchi za mbali na Ikweta, ambako adhuhuri jua hukaa daima upande mmoja wa mbingu. Nchini Uganda jua hupita karibu na utosi, kaskazini katika miezi mingine na kusini katika miezi mingine. Anayeitumia kanuni hiyo hapa huweza kupotoka kabisa.

Kijiti hakidanganyi namna hiyo. Kichomekwe kijiti cha urefu wa mita moja hivi, kisimame wima mahali palipo sawa. Kwenye ncha ya kivuli chake liwekwe jiwe la kwanza. Msafiri angoje dakika 20 au zaidi, kisha aweke jiwe la pili kwenye ncha mpya. Jua husafiri kwenda magharibi, kwa hiyo kivuli husafiri kwenda mashariki. Jiwe la kwanza liko magharibi, la pili liko mashariki. Akisimama huku jiwe la kwanza liko kushoto kwake na la pili kulia kwake, mbele yake ni kaskazini.

Kipimo hiki ni sahihi zaidi katikati ya mchana, tuseme kuanzia saa tano hadi saa tisa. Asubuhi mapema na jioni, hasa katika miezi ya Juni na Desemba, mstari wa mawe huweza kupinda mpaka nyuzi 20 na ushei. Hata kosa hilo si kubwa kiasi cha kumfanya mtu ayachukue mashariki kuwa magharibi.

Jambo lingine la kukumbuka ni kwamba nchini Uganda adhuhuri ya jua si saa sita kamili. Saa za nchi hii zimefungwa kwenye mstari wa longitudo 45 mashariki, nao uko mbali upande wa Bahari ya Hindi. Kampala iko karibu na 32 na nusu, na kila nyuzi 15 ni sawa na saa moja. Basi jua hufika juu kabisa likiwa limechelewa dakika 50 hivi, yaani karibu na saa saba. Kwenye Ikweta, kama vile Kayabwe katika barabara ya Kampala kwenda Masaka, kivuli cha adhuhuri huelekea kusini tangu mwishoni mwa Machi hadi karibu mwishoni mwa Septemba, kisha huelekea kaskazini miezi iliyobaki. Mtoto wa shule aweza kulithibitisha hilo uani kwao kwa kijiti na kokoto, na mzazi atakuwa amemfundisha jiografia bila kununua kitabu.

Usiku nyota hushika zamu. Kuanzia Desemba hadi Aprili, jioni zake huonekana nyota tatu angavu zilizojipanga mstari mmoja mfupi kama vifungo vya shati. Mstari huo huchomoza mashariki na kutua magharibi, karibu bila kupotoka, popote mtu alipo duniani. Kuanzia Aprili hadi Juni hutazamwa Msalaba wa Kusini, wenye nyota mbili angavu kando yake zinazoutambulisha. Msalaba unaposimama wima, mguu wake huonyesha kusini. Ukiwa umeinama, urefu wa mti wake mrefu ukirefushwa mara nne na nusu kuelekea mguuni, mahali unapoishia ni karibu na upeo wa macho, na hapo ndipo kusini. Ile Nyota ya Kaskazini inayosifiwa Ulaya haina msaada hapa, maana imelala kwenye upeo wenyewe.

Haya yote hayamsaidii mtu aliye ndani ya ukungu mzito. Huko shauri ni moja: kikundi kikae pamoja, kivae nguo zote kavu kilizo nazo, kisubiri ukungu ufunguke. Waliopotea wakazidi kutembea huzidi kupotea, na wanaowatafuta hulazimika kutafuta eneo kubwa zaidi.

UCHUMI WA UMEME

Mama wa nyumbani anayejua kupima unga wa wiki atalielewa jambo la betri mara moja. Betri ya simu nyingi za siku hizi ina kiasi cha miliampea 5,000 kwa saa, ambacho ni wati 19 kwa saa. Pawabenki iliyoandikwa 10,000 humfanya mnunuzi adhani kwamba itaijaza simu yake mara mbili. Kipimo hicho ni cha ndani, kwenye volti 3.7, yaani wati 37 kwa saa. Umeme huo ukigeuzwa kuwa volti 5, ukapita kwenye waya na kugeuzwa tena ndani ya simu, theluthi yake hivi hupotea kama joto. Kinachobaki ni kuijaza simu mara moja na kitu. Kwa safari ya siku 4, hesabu ifanywe kwa kiasi hicho, wala si kwa maandishi ya kwenye boksi.

Adui mkubwa wa betri mlimani ni kutafuta mnara. Simu iliyo mbali na mnara hupaza sauti yake kwa nguvu zote, mara kwa mara, na hujimaliza kwa kelele zisizosikika. Kwa hiyo iwekwe katika hali ya ndegeni. Kwenye simu nyingi ramani na setilaiti huendelea kufanya kazi. Mwanga wa kioo upunguzwe. Simu isitumiwe kama taa: tochi ndogo ya kuvaa kichwani ni bora, huiacha mikono yote miwili huru, na betri yake ikiisha haiuzimi mwito wa msaada.

Baridi nayo hufanya betri izimike ijapokuwa bado ina umeme. Mahali pa simu usiku ni ndani ya blanketi, karibu na mwili. Isipashwe motoni kwa hali yoyote, kwa kuwa betri za aina hii huweza kushika moto. Ikilowa, izimwe, ifutwe, ikaushwe penye hewa, wala isitiwe chaji kabla haijakauka. Kuizika ndani ya mchele, kama wengi wafanyavyo, hakuna faida ya maana, na vumbi la mchele huweza kuziba matundu yake.

CHUNGU CHA MLIMANI

Maji ya kijito cha mlimani hupendeza macho, lakini macho hayaoni vijidudu. Yachemshwe. Katika nchi za chini, dakika moja ya kuchemka kwa nguvu yatosha. Juu ya mita 2,000 ziwe dakika 3. Sababu ni kwamba kadiri mtu anavyopanda, maji huchemka kwenye joto dogo zaidi, kiasi cha nyuzi moja pungufu kwa kila mita 300. Kwenye mita 4,000 maji yanachemka yakiwa na nyuzi 87 hivi tu.

Kutokana na hayo yapo mafunzo kwa mpishi. Maharage makavu, ambayo ni chakula kizuri nyumbani, mlimani humaliza kuni zote na bado yatagonga meno. Yafaa kubeba unga, karanga za kukaanga, samaki wakavu wadogo, na vyakula vilivyokwisha kupikwa vikakaushwa.

Pasipo na kuni, na jua likiwepo, iko njia nyingine. Chupa ya plastiki angavu isiyozidi lita 2 ijazwe maji yaliyo safi kwa macho, ilazwe juani kwa saa 6 kamili. Mbingu ikiwa na mawingu mengi, ilazwe siku 2. Mionzi ya jua huua vijidudu vingi. Maji ya matope yachujwe kwanza, kwa sababu uchafu huwapa vijidudu kivuli cha kujificha. Njia hii haiondoi sumu za dawa za mashambani wala chumvi.

RADI NA MANENO YA WATU

Nchini Uganda radi si jambo la mzaha. Juni 2011, katika wilaya ya Kiryandongo, pigo moja la radi liliua watoto 18 wa shule na mwalimu mmoja. Hata hivyo, sababu ambayo watu huitaja mara nyingi, kwamba simu ya mkononi huvuta radi, si ya kweli. Radi hutafuta kilicho kirefu, kilicho peke yake, na kilicho wazi. Simu ya waya iliyounganishwa ukutani ndiyo yenye hatari wakati wa ngurumo. Ya mfukoni haiiti radi. Ubaya wa imani hiyo ni kwamba mtu huzima simu yake, akajiona yuko salama, kisha akasimama chini ya mti.

Kipimo ni hiki. Umeme ukimulika, ahesabu sekunde mpaka ngurumo isikike. Kila sekunde 3 ni kilomita moja. Zikiwa pungufu ya 30, radi iko ndani ya kilomita 10 na yaweza kumfikia. Ashuke kutoka mgongo wa mlima, aukimbie mti ulio peke yake, atoke majini. Nyumba kubwa iliyojengwa vema au gari lenye paa la bati ni salama. Kibanda cha majani na hema si salama. Kikundi kilicho wazi kitawanyike, ili mmoja akipigwa wengine wabaki kumsaidia. Safari isianze tena mpaka dakika 30 zimepita tangu ngurumo ya mwisho. Aliyepigwa na radi hana umeme mwilini. Ashikwe bila hofu, na kama hapumui au moyo umesimama, asaidiwe mara moja.

Mvua kubwa ina hatari nyingine kwenye miteremko ya Elgon. Maporomoko ya udongo ya Bududa, mwezi wa Machi 2010 na tena Oktoba 2018, yaliua watu wengi. Hema lisipigwe chini ya mteremko mkali uliochimbika, wala kwenye mkondo mkavu wa kijito, hata pakiwa na nyasi laini za kuvutia.

FILIMBI NA KARATASI

Umeme ukiwepo na mtandao ukipatikana, namba za dharura za polisi ni 999 na 112. Ile ya 112 huweza kupitia mnara wa kampuni yoyote, hata pale ambapo mtandao wa mwenye simu haufiki. Ujumbe mfupi wa maandishi nao mara nyingi hupenya mahali ambapo sauti imekataa. Uandikwe mahali, idadi ya watu, na hali ya mgonjwa, bila hadithi ndefu.

Umeme usipokuwepo, filimbi ya plastiki ya bei ndogo hufanya kazi ambayo koo haliwezi. Ishara ya wapanda milima ni mapigo 6 ndani ya dakika moja, kisha kimya cha dakika moja, kisha mapigo 6 tena. Anayejibu hupiga 3. Usiku tochi humulika kwa hesabu ile ile. Kila mmoja awe na filimbi yake shingoni, si ndani ya mkoba.

Hata hivyo filimbi bora ni ile inayolia nyumbani. Kabla ya kuondoka, kijana aandike karatasi na kuiacha mikononi mwa mzazi au jirani anayeaminika. Iandikwe njia atakayopita, majina ya wenzake, dawa anazotumia, siku na saa ya kurudi, na saa ambayo, ikipita bila habari, wenye kukaa nyumbani watoe taarifa. Saa hiyo ya mwisho ndiyo moyo wa karatasi. Pasipo hiyo, mama hungoja usiku kucha akijiambia kwamba labda mtandao ni mbaya, baba huona aibu kuwasumbua watu bure, na muda wa kuokoa unapita. Saa ikiwa imeandikwa, hakuna wa kuona aibu. Na kijana akirudi, jambo lake la kwanza liwe kutoa habari kwamba amefika.

Katika hifadhi za taifa, ambazo husimamiwa na Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, msafiri ajiandikishe langoni na kufuatana na kiongozi. Wakonzo wa Rwenzori, na Wagisu na Wasabini wa Elgon, wameijua milima hiyo tangu kabla ya ramani yoyote. Kiongozi akisema leo hatuvuki, kauli yake ina uzito kuliko alama ya buluu kwenye kioo.

Mwisho, mkoba wa msafiri ukaguliwe usiku wa kuamkia safari, mzazi akiwa amekaa kando: nguo kavu katika mfuko wake, sweta la sufu, koti la mvua, buti za mpira kwa ajili ya vinamasi vya Rwenzori, tochi, filimbi, kiberiti kilichofungwa kisilowe, chakula cha siku moja ya ziada, chupa ya maji, dira ndogo ya sumaku, ramani ya karatasi, na simu iliyojaa chaji na ramani. Kisha kijana aulizwe maswali matatu: Kivuli huelekea wapi? Mapigo ya filimbi ni mangapi? Karatasi iko wapi? Akishindwa kujibu hata moja, safari na ingoje Jumamosi nyingine. Mlima hautahama.